Jina la Mvuvi Kwenye Menyu

Kwenye pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Maui, Hawaii, karibu na mji mdogo wa Paia, kuna mgahawa unaoitwa Mama's Fish House. Ulifunguliwa mwaka 1973 na mume na mke, Floyd na Doris Christenson, waliokuwa wamesafiri Pasifiki kwa mashua ya tanga, na umebaki mikononi mwa familia. Menyu yake ina jambo moja lililoipa sifa: kando ya samaki limeandikwa jina la mvuvi aliyemvua.

Sasa jiulize, msomaji wangu. Visiwa vimezungukwa na bahari pande zote, iweje jina la mvuvi liwe habari?

Zamani lisingekuwa habari. Kabla James Cook hajafika mwaka 1778, Wahawaii waliigawa ardhi kwa vipande walivyoviita ahupuaa, kila kimoja kikianzia mlimani na kuishia baharini. Maji ya mlima yalipita kwanza kwenye majaruba ya magimbi, yakateremka hadi mabwawa ya samaki ufukweni. Bwawa lilikuwa na lango la fito: samaki wadogo wanapenya kuingia, wakinenepa hawawezi kutoka. Waliofugwa humo ni mkizi na mwatiko, samaki ambao watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa. Magimbi yalipikwa, yakapondwa, yakawa poi, na hicho ndicho kilikuwa chakula chenyewe. Kwa lugha yao wai ni maji, na waiwai ni mali. Hapo huhitaji mwalimu.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1848 ardhi ya ufalme iligawanywa upya kwa hati, na mwaka 1850 wageni wakaruhusiwa kuinunua. Wananchi wa kawaida waliambulia chini ya asilimia moja. Mkataba wa 1875 ukafungulia sukari ya Hawaii soko la Marekani bila ushuru, na miwa ikawa dhahabu. Shida ya miwa ni kiu. Hapo Maui, kati ya 1876 na 1878, Samuel Alexander na Henry Baldwin walichimba mfereji wa kutoa maji kwenye misitu yenye mvua ya mashariki na kuyapeleka mashamba makavu ya katikati. Magimbi ya majini yanataka maji baridi yanayotembea. Yakipungua na kupata joto, gimbi linaoza. Kwa hiyo mkulima hakufukuzwa kwa bunduki. Maji yake tu ndiyo yalihama.

Mwaka 1893 Malkia Liliuokalani alipinduliwa, na miaka mitano baadaye Marekani ikavitwaa visiwa. Wachina, Wajapani, Wareno na Wafilipino waliletwa kukata miwa, nao wakaleta wali, mchuzi wa soya na vyungu vyao. Chakula cha Hawaii tunachokijua leo kilizaliwa humo, kwenye kambi za mashamba. Lakini kisiwa chenyewe kiliacha kujilisha. Siku hizi inakadiriwa kuwa asilimia 85 hadi 90 ya chakula cha Hawaii huja kwa meli na ndege.

Ndiyo maana jina la mvuvi lina uzito. Mgahawa ule ulipofunguliwa, Maui bado ilikuwa nchi ya miwa. Kiwanda cha mwisho kilifungwa Desemba 2016. Kununua samaki wa hapo hapo na mazao ya hapo hapo, kisha kusema nani kamvua, ni kurudisha uzi mmoja uliokatika.

Uzi mmoja tu, lakini. Tusidanganyane: waanzilishi wenyewe walikuwa wageni, na bei za pale ni za watalii kuliko za jirani anayetoka kazini. Menyu inamtaja mvuvi, haitaji mfereji. Watu wa Maui mashariki wamekuwa mahakamani kwa miaka wakidai maji yarudi mitoni, ili majaruba ya wazee wao yaote tena. Kesi hizo hazina meza wala mandhari ya bahari, ila ndizo zitakazoamua kama magimbi yatakuwa chakula cha kila siku, au pambo kando ya sahani ya mgeni.