Kabla ya kufungua rivasa ya tingatinga kuukuu

TINGATINGA linalokataa kurudi nyuma likiwa limeelekea mteremko humtia dereva katika hatari kubwa kuliko lililozimika uwanjani. Hata hivyo, si kila linalokataa huwa limeharibika ndani, na wenye mitambo wengi wameingia gharama ya kuipasua bila sababu.

Katika matrekta kadhaa ya minyororo ya zamani, mfano John Deere 1010 lililoundwa Dubuque, Marekani, kati ya 1960 na 1965, na 350 lililofuata, kuliwekwa kifaa cha kugeuza mwendo ambacho mafundi hukiita rivasa. Dereva husukuma wenzo mmoja, naye huenda mbele au hurudi nyuma katika gia ile ile. Ndani mna mafungu mawili ya sahani za klachi zilizozama katika oili, moja la kwenda mbele na jingine la kurudi nyuma. Shinikizo la oili ndilo hulibana fungu linalohitajika.

Utambuzi huanzia hapo. Trekta likiwa dhaifu pande zote mbili, shuku kwanza kile kinachotumiwa na mafungu yote: oili iliyopungua, chujio lililoziba, pampu iliyochoka au vali ya shinikizo. Likienda mbele vyema lakini likasita kurudi nyuma, aghalabu kasoro iko katika fungu la nyuma, yaani sahani zilizolika au sili zilizokauka na kuvujisha shinikizo. Kagua pia fimbo za wenzo. Iliyolegea huenda isiifikishe vali mahali pake. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji, nayo yenye harufu ya kuungua hudokeza kuwa sahani zimeteleza kwa muda mrefu.

Funga geji na upime shinikizo oili ikiwa imepata joto, kisha ulinganishe na kitabu cha mtambo huo. Kipimo hiki ni cha saa chache. Kuutenganisha mtambo ni kazi ya siku kadhaa.

Ikibidi kufungua, shusha bleda ardhini, ziba minyororo kwa magogo na utegemeze injini na sehemu ya nyuma kwa jeki imara, kwani rivasa imo katikati. Badilisha sahani za msuguano pamoja na sili zote, hata zile zinazoonekana nzima. Sahani za chuma zilizopinda au kugeuka buluu kwa joto zitupwe. Mpya za msuguano zilowekwe katika oili kabla ya kufungwa; zikifungwa kavu huungua mapema.

Spea ni haba. Nakili nambari ya mtambo kabla ya kununua rivasa kutoka tingatinga lililokufa, kwani yenye umbo moja si lazima ilingane. Jaribu kwanza mahali tambarare, watu wakiwa mbali mbele na nyuma, kisha badilisha chujio baada ya siku za mwanzo za kazi.