Jinsi biashara ndogo zinavyoweza kushirikiana na vyuo katika utafiti

MFANYABIASHARA mwenye kinu cha kusaga unga mjini Makindu, Kaunti ya Makueni, hununua mahindi kwa kuyatazama, kuyanusa na kuyauma. Mbinu hizo humwonyesha punje zilizovunjika na zenye ukungu wa wazi, lakini haziwezi kumwonyesha sumukuvu, yaani aflatoksini, ambayo haina rangi wala harufu ya kutambulika katika nafaka.

Kwa wakazi wa eneo hili, hilo si jambo dogo. Mwaka 1981 watu 12 walifariki katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2004 maafa yalirudi kwa ukubwa zaidi. Watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui.

Uchunguzi uliofanywa mwaka huo katika masoko 65 ya maeneo yaliyoathirika ulichukua sampuli 350 za bidhaa za mahindi kutoka kwa wauzaji 243. Asilimia 55 ya sampuli hizo zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, ambacho kilikuwa sehemu 20 kwa kila sehemu bilioni moja. Baadaye kiwango hicho kilipunguzwa hadi sehemu 10. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo hiyo.

Mwenye kinu kidogo hana uwezo wa kuajiri mkemia wala kununua maabara. Chuo, kwa upande wake, kina walimu, vifaa na wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti, lakini mara nyingi hakijui ni tatizo lipi linalomsumbua mwenye duka, mfuga nyuki au fundi wa jua kali. Ushirikiano baina yao huitwa utafiti tumizi. Ni uchunguzi unaofanywa kwa kufuata taratibu za kisayansi ili kujibu swali la kazi halisi.

Asasi zilizo karibu

Makindu haiko mbali na asasi za aina hiyo. Kituo cha Kiboko cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) kiko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, na hushughulikia mimea ya maeneo makavu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha utafiti wa nyanda kame huko Kibwezi. Katika Kaunti ya Kitui, eneo la Kwa Vonza, kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU) kilichopewa hati mwaka 2013, na mjini Machakos kuna Chuo Kikuu cha Machakos kilichopata yake mwaka 2016.

Vyuo vya kiufundi navyo visisahauliwe. Mfanyabiashara anayehitaji kikaushio cha maembe, chekeche la ndengu au mtambo wa kukamua asali huenda akahudumiwa vyema zaidi na chuo kama Wote Technical Training Institute kuliko na chuo kikuu, kwa kuwa swali lake ni la uundaji wala si la kemia. Kwa usindikaji wa bidhaa, ipo pia Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda (KIRDI).

Kuuliza swali dogo

Kosa la kwanza linaloweza kuvunja ushirikiano ni kupeleka chuoni lalamiko badala ya swali. "Mahindi yangu yanaharibika" ni lalamiko. Swali linaloweza kuchunguzwa ni hili: je, mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai na kuhifadhiwa katika mifuko isiyopitisha hewa yatakuwa na sumukuvu kidogo, baada ya miezi mitatu, kuliko yale yaliyoanikwa ardhini na kutiwa katika magunia ya kawaida?

Swali hilo lina vitu vinavyolinganishwa, muda maalumu na jambo la kupimwa. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kulishughulikia akiwa na msimamizi. Mwenye kinu hutoa nafaka, nafasi ya ghala na kumbukumbu za ununuzi. Chuo hutoa vipimo na uchambuzi.

Namna ya kuchukua sampuli ni sehemu ya kazi ambayo mfanyabiashara hapaswi kuidharau. Sumukuvu haisambai sawasawa, na punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi ilhali gunia la pembeni ni safi. Kwa hiyo, kipimo cha kiganja kimoja kilichotolewa juu ya gunia hakithibitishi chochote. Sampuli hupaswa kuchotwa sehemu nyingi za magunia mengi, kisha zichanganywe na kusagwa pamoja kabla ya kupimwa.

Aidha, unyevu wa nafaka hupimwa siku ya kununua, kwani mahindi yanayozidi asilimia 13.5 ya unyevu hayafai kuwekwa ghalani. Kwa kuwa kuvu huanza kushambulia zao likiwa bado shambani, utafiti wa kinu pekee hautamaliza tatizo. Unaweza, hata hivyo, kumwonyesha mnunuzi ni hatua ipi kati ya shamba, uanikaji na ghala inayomletea hasara.

Majira na mkataba

Kalenda ya chuo na ya biashara hazilingani. Huko Ukambani mvua inayotegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na mavuno yake huingia sokoni mwanzoni mwa mwaka. Anayetaka utafiti wa mavuno hayo anapaswa kumwandikia mkuu wa idara inayohusika miezi kadhaa kabla, ili mwanafunzi apatikane, pendekezo liidhinishwe na leseni ya utafiti iombwe kwa Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI).

Makubaliano yaandikwe hata kama fedha zinazohusika ni chache. Hati hiyo ieleze swali, muda, nani atalipia usafiri na vipimo, nani atamiliki matokeo, na kama jina la biashara litatajwa katika tasnifu. Mwanafunzi analazimika kuwasilisha kazi yake chuoni, hivyo usiri kamili hauwezekani. Linalowezekana ni kuficha jina na siri za biashara kama vile bei na orodha ya wateja.

Suala la umiliki lina uzito iwapo kitu kipya kitaundwa. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 inasema kuwa, pasipo mkataba unaoeleza vingine, haki ya hataza ya uvumbuzi uliotokana na kazi iliyoagizwa ni ya aliyeiagiza. Hata hivyo, chuo kinaweza kuwa na kanuni zake, na mfanyabiashara anayetia saini bila kuzisoma anaweza kuipoteza haki hiyo.

Jambo gumu kuliko yote ni matokeo mabaya. Mwenye kinu anayekubali kupimwa mahindi yake anakubali pia kwamba huenda yakapatikana na sumu. Pande zote mbili zikubaliane mapema kuwa shehena itakayopita kiwango haitasagwa wala kurudishwa sokoni, na zieleze hasara hiyo itabebwa na nani. Ikiwa jambo hilo litaachwa hadi majibu ya maabara yatoke, mfanyabiashara atavutwa na hamu ya kuokoa mtaji, na mtafiti atabaki na siri inayohatarisha maisha ya watu.

Mifano ya kwingineko

Katika miaka ya 1880, viwanda vidogo vya jibini na siagi katika jimbo la Wisconsin, Marekani, vililipa maziwa kwa uzito, jambo lililowafaidi waliochanganya maziwa na maji. Mwaka 1890 Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitangaza kipimo rahisi cha mafuta ya maziwa ambacho kiliweza kutumiwa kiwandani penyewe. Hakukichukulia hataza, na malipo yakaanza kufuata ubora.

Mifuko ya PICS yenye tabaka tatu, inayotumiwa sasa nchini kuhifadhi nafaka bila dawa, ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na watafiti wa Cameroon katika miaka ya 1980, uliolenga kwanza kunde za wakulima wadogo. Katika muongo huo huo, jiko la bati lenye udongo ndani lilienea nchini Kenya baada ya wataalamu na mafundi wa jua kali kurekebisha pamoja wazo lililotoka Thailand.

Katika visa hivyo, swali lilitoka kwa watu wa kazini na jibu likawa la bei wanayoimudu. Mwenye kinu wa Makindu anaweza kuanza kwa barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa idara, akieleza anachonunua, kiasi gani kwa msimu, hasara anayopata, na kitu kimoja anachotaka kipimwe.