Si Kuoga Msitu, ni Mpungo

Katika rasimu ya istilahi za afya ya akili inayozungushwa kwa wafasiri, shinrin-yoku ya Wajapani imepewa Kiswahili chake: "kuoga msitu". Dhana yenyewe haina utata. Mtu aliyechoshwa na mji anakwenda mitini, anatembea bila haraka, anasikiliza, ananusa, na nafsi inatulia. Msomaji hahitaji kufundishwa hilo. Kinachonikera ni kitenzi.

Kuoga kwa Kiswahili kunataka maji. Watu huoga bafuni, huoga mtoni, huoga janaba. Mwambie mama wa Temeke kwamba daktari amemwandikia mwanawe kuoga msitu, naye atauliza: majani gani, na yachemshwe kwa muda gani? Atakuwa na haki kabisa, kwa sababu dawa ya kuoga anaijua tangu utoto wake. Istilahi inayomfanya msikilizaji mwenye akili timamu aelewe kitu kingine, tena kwa kufuata kanuni za lugha yake mwenyewe, imeshindwa kazi kabla ya kuchapishwa.

Watetezi wa neno hilo wanashikilia hoja moja tu, kwamba Wajapani wenyewe wamesema kuoga. Ni kweli. Neno lilitungwa mwaka 1982 na Tomohide Akiyama, aliyekuwa akiongoza idara ya misitu ya nchi hiyo, nalo huandikwa kwa herufi tatu: ya kwanza ina miti mitatu, ya pili miti miwili, na ya tatu ina maji ubavuni. Lakini herufi hiyo ya tatu ilikwisha kutoka majini zamani. Mjapani alikuwa tayari na nikkō-yoku, yaani kukaa juani makusudi, kwa hiyo Akiyama alibadilisha jua akaweka msitu, na kila mtu akamwelewa. Wajerumani nao walikuwa na Sonnenbad kabla ya kupata Waldbaden, na Waingereza vivyo hivyo huoga jua bila tone la maji. Lugha hizo zilikuwa na daraja la kuvukia. Sisi hatujawahi kuoga jua. Sisi huota jua, kama tunavyoota moto. Kamati iliyotafsiri kuoga msitu bila kuangalia kama tuna kuoga jua imefanya kazi ya kunakili, si ya kutunga.

Rafiki zangu wa Unguja hunitajia Mwaka Kogwa wa Makunduchi: mbona mwaka unakogwa? Hoja nzuri, tena ndiyo pekee niliyoifikiria kwa muda mrefu. Lakini watu wa pwani waliukoga mwaka kwa kuingia baharini. Maji yalikuwapo, na chumvi juu yake. Wapo pia wanaopendekeza "kuota msitu". Sentensi "Asha ameota msitu" itaeleweka na wote kwamba Asha alilala akaona miti ndotoni, na mwenye mashaka zaidi atauliza kama msitu haukumwota Asha mwilini kama chunusi.

Neno tunalolitafuta linatumika kila jioni. Nenda Forodhani, nenda ufukwe wa Coco, nenda Mama Ngina kule Mombasa saa kumi na moja, pale kwenye madafu na mihogo ya kukaanga, umuulize yeyote amefuata nini. Amekuja kupunga upepo. Hakuja kufanya mazoezi wala biashara. Amekuja kukaa mahali penye hewa ili kichwa chake kipoe. Nakiri msitu wa miti ya Kijapani haufanani na ufukwe wa Mombasa, lakini tendo la nafsi ni lile lile.

Kitazame sasa kitenzi punga kwa utulivu kinaostahili. Kwanza ni kutikisa kitu hewani: mkono, kitambaa, usinga. Pili ni kupata hewa: kupunga upepo, kupunga hewa. Tatu ni kumtibu mtu aliyepandwa na pepo, kwa ngoma na ubani, mpaka kinachomsumbua kimwachie, na mgonjwa huyo husemwa kwamba anapungwa. Karibu yake pamekaa ukoo mzima wa pep-: upepo, pepea, pepeta, peperusha, kipepeo, pepo anayesumbua, na Pepo tunayoitumaini. Mwendo wa hewa na hali ya nafsi vimewekwa katika nyumba moja na wazee ambao hawakusubiri warsha yoyote. Ni Kiswahili gani kingine kingeeleza vizuri zaidi kwamba hewa ya mahali humtoa mtu dhiki?

Nililipeleka pendekezo hili kwa jopo moja, nikajibiwa kwamba punga "lina harufu ya uganga". Jibu hilo liliniudhi, na bado linaniudhi. Serikali ya Tanzania humwita daktari wake wa juu kabisa Mganga Mkuu wa Serikali, na kila mkoa na wilaya ina Mganga Mkuu wake. Hakuna mgonjwa anayekwenda huko akitarajia hirizi. Ikiwa mganga mwenyewe ameweza kuvaa koti jeupe bila mtu kunusa chochote, kitenzi chake kimoja kina kosa gani? Lugha husafisha maneno yake kwa kuyatumia, na jopo lisilojua hilo lisikabidhiwe kalamu nyekundu.

Kwa hiyo napendekeza mpungo. Limetokana na punga kama mfungo na funga, kama mpango na panga, na wingi wake ni mipungo. Shinrin-yoku iwe mpungo wa msituni. Tutakuwa pia na mpungo wa pwani na mpungo wa bustanini bila kuitisha kikao kingine, jambo ambalo "kuoga msitu" haliwezi, kwa sababu kuoga bustani ni kichekesho na kuoga pwani kuna maana yake tayari.

Na mahali penyewe paitwe pungio, kama kimbilio na tegemeo, wingi mapungio. Hapa sitetei sarufi tu. Nyaraka za mipango miji huita mahali hapo "eneo la wazi", na wazi kwa Kiswahili huweza kuwa tupu, lisilo na mwenyewe, linalongoja mtu. Mnyakuzi wa ardhi anapenda neno hilo kuliko sisi sote. Uhuru Park ya Nairobi ilikusudiwa kujengwa jengo la ghorofa 60 mwaka 1989, na Karura, msitu wa takriban hekta 1,000 ndani ya jiji hilo hilo, uligawiwa wajenzi mpaka mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wakapigwa langoni Januari 1999 wakijaribu kupanda miti. Leo maelfu hutembea humo kupumzisha vichwa. Neno lisingezuia marungu, najua. Lakini anayeomba kibali cha kujenga kwenye pungio atalazimika kutaja kwa kinywa chake anachokiondoa, ilhali kwenye eneo la wazi hujifanya anajaza pengo.

Pungio halilazimiki kuwa msitu. Mtafiti Roger Ulrich alionyesha mwaka 1984 kwamba wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, wale ambao dirisha lao lilitazama miti, walitoka mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Miti michache ya mji ilitosha kuleta tofauti hiyo, kwa hiyo mwembe wa uani nao uhesabiwe.

Matumizi ni mepesi: "Jumamosi tuna mpungo Karura", "daktari amemshauri mpungo wa saa mbili kwa wiki", "mtaa wetu hauna pungio". Saa mbili hizo sikuzibuni, zimetoka katika utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2019, uliohusisha watu wapatao 20,000.

Rasimu itarudi mezani. Nimekwisha kuandika upya pendekezo langu, safari hii na orodha ya Waganga Wakuu wote wa mikoa nimeiambatisha.