Ukazaji wa viungo vya vifaa vya jukwaani

Ukazaji wa viungo vya vifaa vya jukwaani ni kazi ya kuziba nafasi kati ya sehemu mbili zilizolegea za kifaa kilichoundwa kwa ajili ya ngoma, tamthilia au filamu. Kifaa hicho kinaweza kuwa jembe la kuchezea, mkuki, ngao, kinyago chenye taya linalofunguka, au nakala ya silaha iliyoonekana kwenye filamu. Kiungo kinachocheza hukiharibu kifaa na huweza kumuumiza mchezaji au mtazamaji. Ukazaji mzuri huanza kwa kujua chanzo cha ulegevu, kisha huchagua njia itakayofanya nguvu za matumizi zikibane kiungo badala ya kukichomoa.

Katika ukanda wa Ziwa Viktoria, mfano ulio wazi kuliko yote ni jembe la Bugobogobo. Ngoma hii ya Wasukuma ilitokana na vikundi vya kulima kwa pamoja, na wachezaji wake huzungusha majembe, huyarusha juu na kuyadaka kwa kufuata mapigo.

Mahali na msimu

Barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma hupita Buzuruga, kata ya Manispaa ya Ilemela yenye stendi ya mabasi, kisha hufika Kisesa katika Wilaya ya Magu. Hapo njia huchepuka kwenda Bujora, yaliko Makumbusho ya Wasukuma, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Makumbusho hayo yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na ndipo hufanyika Bulabo, sikukuu ya ngoma inayofuatana na Sikukuu ya Ekaristi. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana uwanjani, na mshindi ni anayevuta watazamaji wengi zaidi. Ushindani wa namna hiyo umewafanya wachezaji wabuni vifaa vya kila aina, vikiwemo vinyago vya kuchongwa na hata wanyama hai.

Sikukuu ya Ekaristi huangukia kati ya mwishoni mwa Mei na karibu na mwisho wa Juni, wakati masika yanaisha na kiangazi kinaingia. Mpini uliokatwa na kupachikwa wakati wa mvua ukiwa na maji mengi huanza kukauka majuma yale yale ambayo ngoma zinapamba moto. Jembe lililokuwa limebana mwezi Aprili linaweza kucheza mwezi Juni bila kuguswa na mtu.

Chanzo cha ulegevu

Mti huanza kunywea pale unyevu wake unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Haunywei sawasawa kila upande. Kwa urefu karibu haubadiliki. Kwa kufuata duara la pete zake hunywea takriban mara mbili zaidi kuliko kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo maana tundu la mviringo likikauka huwa na umbo la yai, na mpini hugusa chuma sehemu chache tu. Mninga husifika kwa kunywea kidogo. Mkaratusi mbichi hunywea sana na hupasuka, hivyo haufai kutengenezewa kiungo kabla haujakaushwa vizuri.

Chanzo cha pili ni mwelekeo wa nguvu. Jembe la asili, la aina iliyofuliwa na wahunzi wa Uzinza na Geita na kuuzwa Usukuma na Unyamwezi, lina mkia uliochongoka unaopenya kichwa kinene cha mpini. Shambani, kila pigo la ardhi husukuma mkia ndani zaidi, na kazi yenyewe hulikaza jembe. Kwenye ngoma halipigi ardhi. Huzunguka hewani, na uzito wa bamba huuvuta mkia kwa ubavu, mara huku mara kule, mpaka tundu lipanuke. Jembe lile lile linalodumu miaka shambani huweza kulegea upesi mikononi mwa mchezaji.

Katika nakala za filamu, chanzo huwa ni kalibu. Rezini hunywea kidogo inapoganda, kwa hiyo mtu akitengeneza kalibu kutokana na nakala badala ya kifaa cha kwanza, kinachotoka huwa kidogo zaidi, na nakala ya nakala hiyo hupungua tena. Sehemu zilizotoka katika vizazi tofauti vya kalibu haziwezi kuoana vizuri. Nakala nyingine huundwa kwa kuunganisha mabomba ya chuma, kama za upanga wa mwanga wa filamu ya Star Wars ya 1977, ambao mpini wake wa awali ulitengenezwa kutokana na mshikio wa taa ya kamera ya Graflex. Hapo tofauti ndogo kabisa ya kipenyo hutosha kufanya sehemu zigongane kila kifaa kikitikiswa.

Kuloweka

Dawa iliyozoeleka vijijini na mijini ni kuliloweka jembe kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi limebana. Lakini mti uliovimba ndani ya pete ya chuma hauna pa kwenda. Nyuzi zake hujiponda zenyewe, na ukikauka hubaki mwembamba kuliko ulivyokuwa. Kila kuloweka huongeza ulegevu wa kesho. Kwa kifaa kitakachorushwa juu ya vichwa vya watu, njia hii haifai hata kwa siku moja, kwa sababu jembe hukauka juani wakati ngoma inaendelea.

Kabari

Jembe la tundu, yaani lile lenye pete ya chuma ambamo mpini hupachikwa, hukazwa kwa kabari. Fundi huuchomoa mpini, huusafisha kwa tupa mahali unapogusa chuma, kisha hupasua kichwa chake kwa msumeno hadi karibu theluthi mbili ya kina cha tundu. Mpasuko huelekezwa ili kabari ifungue mti upande wenye nafasi kubwa. Kabari huchongwa kwa mti mkavu na mgumu kuliko mpini, nyembamba na ndefu, kwa kuwa kabari fupi na nene huruka. Mpini hurudishwa, kabari hupakwa gundi ya mbao na kugongwa taratibu, huku fundi akisikiliza: mlio wa kugonga hupanda kadiri nafasi inavyojaa, na usipobadilika tena kabari imefika. Kinachobaki nje hukatwa.

Njia bora zaidi ni kuchonga mpini unaonenepa kuelekea kichwani. Jembe huvalishwa kuanzia mwisho mwembamba na kuteremshwa hadi likwame. Likizungushwa, mzunguko hulivuta upande ule mnene, na hivyo mchezo wenyewe hulikaza.

Jembe la mkia huhitaji zaidi ya kabari. Tundu lililopanuka huzibwa kwa kijiti kikavu kilichopakwa gundi, hutobolewa upya kwa kipenyo kidogo, na ncha ya mkia inayotokeza nyuma hupindwa au kufungwa kwa pini ili isirudi.

Vijazio vyembamba

Nafasi ndogo hujazwa kwa kipande cha ngozi, bati jembamba au mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira hushika vizuri lakini hunepa, kwa hiyo unafaa kwa kifaa cha kushikwa mkononi tu, si cha kurushwa. Tundu la skrubu lililokwisha kwenye mbao hujazwa vijiti vya meno vyenye gundi, kisha skrubu hurudishwa ikishakauka. Bomba linaloingia ndani ya bomba huzungushiwa tepu nyembamba ya mafundi bomba, tabaka moja moja, hadi liingie kwa kusukuma.

Kwa sehemu inayopaswa kutoka na kurudi, kama kifuniko au taya la kinyago, hutumiwa epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Upande mmoja hupigwa msasa ili gundi ishike. Upande wa pili hupakwa nta au vaselini ili isishike. Sehemu hizo huunganishwa zikiwa na epoksi katikati, huachwa zigande, kisha hutenganishwa. Kinachobaki ni ukuta mwembamba wenye umbo halisi la mwenzake. Kwa plastiki iliyochapwa na mashine, tabaka la supa gluu lililoachwa likauke kabisa kabla ya kuunganisha huongeza unene kidogo kidogo. Plastiki ya aina ya PLA hulainika kwenye joto la takriban nyuzi 60, hivyo kifaa kisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kifaa halisi na nakala

Gundi ya kudumu ni ya nakala. Kifaa cha kale kilicho makumbusho, kiwe ngoma ya mtemi au jembe la mhunzi, hukazwa kwa njia inayoweza kuondolewa bila kuacha alama, kwa sababu mkao wa kiungo chake ni ushahidi wa mikono iliyokitengeneza. Anayetaka kucheza na jembe la namna hiyo atengenezewe nakala.

Watengenezaji wa filamu hutenganisha pia nakala ya kuonyeshwa karibu na kamera, yenye chuma na nakshi, na nakala ya mapambano, iliyotengenezwa kwa mpira au sifongo. Vikundi vya ngoma vinaweza kufuata desturi hiyo kwa faida kubwa: jembe la mazoezi lenye bamba la mbao nyepesi, na jembe la chuma lenye makali yaliyofutwa kwa tupa kwa ajili ya uwanja.

Ukaguzi

Kabla ya kila onyesho, jembe hushikwa kwa mpini na kitako chake kugongwa kwenye gogo mara chache. Mlio mmoja mzito ni dalili ya kiungo kizima. Mlio wa kugongana ni dalili ya nafasi. Kisha bamba hushikwa na kupindwa kulia na kushoto, na ufa wowote karibu na tundu hutafutwa kwa ukucha. Mpini wenye ufa haukazwi, hubadilishwa. Ukaguzi hurudiwa katikati ya siku ikiwa ngoma inachezwa juani, na jembe lolote lenye mashaka huwekwa kando hata kama mchezaji atabaki bila kifaa.