Kabla Hujanunua Ploti Busia, Usome Mpaka

Kijana wa Nairobi mwenye mkopo wa sacco akitaka kujenga bedsita Busia, swali lake la kwanza huwa: mtaa gani unalipa? Dalali atamtumia picha. Lakini jibu limo kwenye historia ya mpaka.

Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ukawa chini ya utawala wao uliokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wana ndugu ng'ambo. Mji ukakua juu ya mstari huo, ukila kutokana na wanaovuka. Hata bodaboda ilizaliwa hapa, wenye baiskeli wakipeleka watu kutoka boda moja hadi nyingine.

Lakini pesa ya mpaka haitulii. Baridi kali iliua mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ikapaa duniani, na kahawa ya Uganda ya Idi Amin ikamiminika Kenya kwa magendo. Chepkube, kule Bungoma, palivuma kama jiji. Bei iliposhuka, kelele zikaisha. Aliyejenga kwa hesabu ya msimu ule alibaki na kuta.

Mwaka 2018 marais Kenyatta na Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Hapo karatasi hukaguliwa upande mmoja tu. Biashara ilishukuru, lakini lojingi huishi kwa dereva anayekwama, na dereva anayepita haraka halipii kitanda.

Mpangaji wa kudumu aliletwa na jambo jingine: ugatuzi wa 2013. Busia ikawa makao ya kaunti, na wafanyakazi wake wanahitaji pa kulala mwaka mzima. Huyu haulizi umbali wa mpaka, anauliza maji, geti, na kama njia hupitika mvua ikinyesha. Kwa hiyo ukitembea Burumba, Marachi Estate au Mayenje, usihesabu malori. Hesabu madirisha yenye mapazia na nguo zilizoanikwa.

Kisha nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi. Kama ni shamba, idhini ya bodi ya ardhi ni lazima. Hakikisha pia mke au mume wa muuzaji amekubali. Na ukishirikiana na rafiki wa ng'ambo, kumbuka Katiba ya 2010: asiye raia hapati zaidi ya miaka 99.

Mpaka huleta wageni wengi. Kodi hulipwa na wanaobaki.