Mtu ni Afya: Kikundi cha Redio Rufiji

Watu wakisifu vipindi vya zamani vya mahojiano ya televisheni, huwa nawakumbusha kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Wazanzibari waliipata tangu miaka ya 1970. Sisi wa Kibiti, wakati huo bado tukiwa ndani ya Wilaya ya Rufiji, tulifundishwa kujadiliana na redio, hasa kwa kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, ya mwaka 1973.

Ilidumu wiki 12. Radio Tanzania ilirusha kipindi, vitabu vikagawiwa, na watu takriban milioni 2 nchi nzima wakasikiliza kwa vikundi. Rufiji tulikuwa na sababu yetu ya kutega sikio. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali kwa Operesheni Rufiji iliwatoa watu bondeni na kuwapandisha kwenye vijiji vya ujamaa. Mtu aliyezoea kuishi shambani kwake, mbali na wenzake, sasa alipakana na jirani. Choo chake na kisima chake vikawa shauri la kijiji kizima.

Mjomba wangu aliongoza kikundi kimoja. Mchana alianika betri juani zipate nguvu. Jioni redio iliwekwa juu ya kigoda chini ya mwembe. Kipindi kikiisha aliizima, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kitabu. Wazee walitoa neno, kisha akina mama, wachota maji wenyewe, wakaeleza kisima kipi kimeingiwa na uchafu. Ukimkatiza mtu, mjomba alikuzuia: "Mwache bibi amalize." Hawakutawanyika kabla ya kupanga siku ya kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba.

Televisheni ilipokuja ilituletea mijadala mizuri, kama Kipima Joto cha ITV, lakini wengi wetu tulitazama kimya mwanzo hadi mwisho. Siku hizi hata mgeni wa studio mara nyingi hakatishwi na muda tu, bali hata na mwenyeji wake. Kipindi kinaisha, kingine kinaingia, na hakuna aliyeulizwa atafanya nini kesho.

Ninyi wenye redio za jamii, tuachieni nafasi baada ya kipindi. Nasi majumbani tuzime redio na televisheni, tuulizane, kisha tupange kazi.