Mbuyu wa Mama

Mwaka 1971, Operesheni Dodoma ilipotuhamishia kijiji cha ujamaa, mama alibeba vyombo, kuku na kifuko cha mbegu za ubuyu. Alisema nyumba isiyo na mbuyu haina akiba. Wazazi wake walikuwa wameiona njaa ya Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920.

Mbegu tulizimwagia maji ya moto, zikalala humo usiku kucha. Mche mmoja ukashika. Mvua zilipokwisha ulipukutisha majani yote, ukabaki kijiti. Mimi, kijana niliyetoka chuo cha ualimu, nikatangaza kuwa umekufa, nikataka kuung'oa. Mama alikuwa akiuzungushia miiba, mbuzi wasiufikie. "Mwalimu," akanicheka, "huo umelala." Desemba ukachipua.

Kivuli chake ni cha majira ya mvua tu. Kiangazi, jua linapochoma, hakuna kitu. Nakiri kasoro hiyo. Mama alifariki kabla haujatoa ua.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, viwanja vina bei. Mwanangu ameniletea ramani ya nyumba. Sebule imekaa juu ya shina lake. Ramani iko mezani. Sijatia saini.